Mjane Mwenye Mume

"Pole na msiba, Mama Elisée."

Marlène alikuwa ameinama juu ya cherehani akishona mkanda wa mkoba, na hakuinua kichwa. "Msiba gani tena, Anena? Nani amekufa?"

"Mumeo."

Anena hakuwa mtu wa kuropoka. Alikuwa mjane kutoka Gulu, mkimya, na katika darasa zima la ushonaji pale Bwaise, Kampala, yeye ndiye aliyesoma Kiingereza kikamwingia. Alichukua mkoba uliokwisha, akageuza lebo yenye picha ya Marlène, akasoma polepole huku akitafsiri: nunua mkoba huu umsaidie Marlène, mkulima kutoka Kongo, mjane wa vita, anayelea watoto peke yake.

"Wapi!" Marlène akasema. "Kakule nimemuacha asubuhi anakunywa chai, tena analalamika sukari kidogo. Marehemu gani anadai sukari?"

Darasa likaangua kicheko. Marlène naye alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Mikoba ile ilikuwa ikipelekwa Ulaya maboksi kwa maboksi. Kumbe muda wote huo kuna watu ng'ambo walikuwa wanamlilia mume wake, na mwenyewe yupo nyumbani.

Kosa lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa la kipuuzi. Siku ya kujiandikisha, Docus, msichana wa ofisi ya mradi, alimuuliza Marlène bwana wake anafanya kazi gani. Docus alikuwa na Kiswahili cha Kampala cha kuungaunga, nusu yake Kiganda. Marlène akajibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa kwao: "Bwana yangu amekufa mugongo." Yaani mgongo umemharibikia, hawezi tena kubeba mizigo. Docus aliposikia "amekufa" akatikisa kichwa, akampa pole ya Kiganda, "Kitalo, nyabo," akamwita mwingine. Mgongo haukusikilizwa.

"Mama wee!" Docus alisema alipoelezwa, mikono kichwani. "Mimi nilisikia amekufa!"

"Amekufa mugongo! Si kufa kufa!"

Docus alitaka lebo zifutwe siku ileile. Aliyekataa ni Rosalba, mzungu mkuu wa mradi, mwanamke aliyekaa Kampala miaka mingi na kusema Kiswahili kilichonyooka kuliko cha Docus. Hakupandisha sauti. "Mama Marlène, mikoba ya mjane inanunuliwa. Jumamosi ni mahafali, wafadhili wanakuja, na wewe ndiye utakayesimama kutoa ushuhuda. Ukimaliza tunakukabidhi cherehani na kile kibanda cha Bukoto. Ni neno moja tu."

"Na nikikataa hilo neno?"

"Basi kibanda kitapata mtu mwingine."

Kibanda cha Bukoto! Marlène alikuwa amekwenda kukitazama kwa macho yake. Kilikuwa chini ya maghorofa, sakafu ya saruji, wapangaji wenye mishahara wakipita mbele asubuhi na jioni. Bwaise mvua ikinyesha maji yanaingia ndani, watu wanapandisha godoro juu ya meza. Alikuwa ameshachagua hata ukuta wa kutundikia magauni.

Alipomsimulia Kakule, Kakule alicheka hadi akashika kiuno. "Basi mama, mimi nijifie tu hiyo Jumamosi. Najifungia ndani, jioni nafufuka, Jumatatu tunahamia Bukoto. Kuna watu wamekufa kwa faida ndogo kuliko hiyo."

"Nyamaza!"

Kakule hakuwa amezoea sauti ile. Marlène alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya Kakule. Mgongo ule ndio uliombeba Elisée kutoka kijijini kwao Lubero hadi mpakani, mtoto ana homa, risasi zinalia nyuma yao. Ndio uliobeba mizigo ya matajiri sokoni Kikuubo, familia ikala, kodi ya chumba ikalipwa, mpaka siku ulipokataa chini ya robota la mitumba. Leo aje asimame mbele ya watu aseme mwenye mgongo ule hayupo?

"Nakupenda, mjinga wewe," akamwambia. "Sitakuzika huku unakunywa chai yangu."

"Na Bukoto?"

"Bukoto ibaki na wenyewe."

Jumamosi hiyo alivaa gauni la kikwembe cha manjano na nyeusi alilolishona mwenyewe, na kutoka kitambaa hichohicho alikuwa amemkatia Kakule shati. Wakaingia kwenye hema la mahafali pamoja, Kakule na fimbo mkono mmoja, mkono mwingine begani kwa mkewe. Wafadhili walikuwa viti vya mbele. Tabasamu la Rosalba likaanguka, likaokotwa, likaanguka tena.

Marlène akashika maikrofoni. Docus akasimama pembeni atafsiri.

"Naitwa Marlène. Nilifika hapa najua kulima maharage, sasa najua kukata na kushona, na kwa hilo nasema asante sana. Lakini lebo yenu inasema mimi ni mjane." Akaunyanyua mkono wa Kakule juu. "Marehemu ndiye huyu. Mkitaka mkoba wangu, ununueni kwa sababu mshono wake hauachii. Mume wangu hauzwi."

Docus akamtazama Rosalba, kisha akatafsiri neno kwa neno, na "marehemu" hakumruka. Mgeni mmoja mzee akapasuka kwa kicheko. Wengine wakatazama viatu vyao. Kakule, mtu wa maringo tangu kuzaliwa, akawapungia mkono.

Rosalba akamwita Anena harakaharaka atoe ushuhuda badala yake, maana Anena alikuwa mjane kweli, wala hakuna aliyebisha. Anena akasogea mbele. "Wangu alikufa," akasema kwa Kiingereza chake kizuri. "Na yeye pia hauzwi." Akarudi kuketi.

Usidhani mzungu alilia akaomba msamaha. Thubutu! Cherehani ilikwenda kwa mwingine, na kibanda pia. Marlène alirudi Bwaise na cheti chake, na usiku ule mvua ilinyesha, godoro likapanda mezani kama kawaida.

Sasa yeye na Anena wamekodi cherehani moja, wanashonea barazani. Maji yakija wanaibeba, yakiondoka wanaishusha. Kakule anakaa kwenye stuli nyuma ya pazia na pasi ya mkaa, kwa sababu kupiga pasi hakuhitaji mgongo wa Kikuubo, na marinda yake yamenyooka hasa. Wateja wanauliza nani kapiga pasi hii. "Marehemu," Anena anajibu, uso mkavu. Jina limeshika. Bwaise nzima ukitaka gauni unaambiwa nenda Kwa Marehemu.

Juzi alikuja Docus na kitambaa cha gomesi, gauni la Kiganda, la harusi ya dada yake. Hafanyi tena kazi kwa Rosalba, na sababu hakusema. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto.

"Na bwana yako, mama?"

Pasi ilikuwa kimya nyuma ya pazia. Marlène akachukua kipimo, akakizungusha kiunoni kwa Docus. "Bwana yangu? Amekufa..." Akanyamaza makusudi, akatafuta pini.

Docus hakusema kitalo. Alisimama palepale, mikono juu, akangoja sentensi iishe.