Sahihi ya Gavana

Mchora vibao wa mtaa wetu watu humwita Gavana, na wageni hudhani ni dhihaka. Dhihaka ipo, sikatai, lakini cheo alikuwa nacho kweli, miezi minne, na mshahara wake ulikuwa sabuni.

Ni wakati wa vita, vile vya sisi kwa sisi. Kulikuwa na makundi matatu: watu wa Mlimani, watu wa Kiwandani, na hawa wa Reli walioshika upande wetu wa mji. Kila kundi lilikuwa na bendera, redio, na mkuu anayevaa miwani ya jua hata akiwa chumbani. Kisha kila kundi likajichapia pesa, maana mkuu asiye na pesa yake ni mkuu wa nini? Noti za Mlimani zilichujuka ukizishika na jasho. Za Kiwandani zilikuwa na picha ya ng'ombe, ila mchoraji kwa heshima zake akampa ng'ombe sura ya mkuu wao, na sijui mchoraji huyo aliishia wapi. Za Reli zilichapwa kwenye mtambo wa kadi za harusi, ndiyo maana pembeni zina maua na njiwa wawili wanabusiana.

Sasa mkuu wa Reli alikuwa mtu wa utaratibu. Alisema noti isiyo na sahihi ya mkono ni karatasi ya kufungia karanga. Wakatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri, wakamkuta bwana wetu juu ya ngazi anaandika KINYOZI. Wakamshusha alipofika KINYO, na kibao kikakaa hivyo mpaka vita vilipokwisha. Kinyozi alipata wateja wengi, wengine waliingia kuuliza tu.

Wakamkalisha chumba cha tiketi pale stesheni, na wino, na magunia ya noti. "Wewe ndiye Gavana wa Benki," wakamwambia. "Tia sahihi." Akatia. Mkunjo mmoja, mkia mmoja, kutwa kucha. Meza ya pili alikaa mkaguzi, bwana mmoja mwembamba mwenye penseli nyekundu, kazi yake kutazama kila sahihi na kupiga tiki. Mkaguzi huyo alikuwa na dada. Vita vilipokwisha Gavana akamwoa yule dada, na hapo ndipo vita vingine vilipoanza.

Kwa maana Gavana husimulia kwamba siku moja, vidole vimekufa ganzi, badala ya sahihi aliandika "Nimechoka", kwa mkunjo uleule na mkia uleule, na noti ikapita. Moja tu, siku moja tu. Shemeji yake naye huapa kwamba chini ya penseli yake hakikupita kitu. Mzee yule maisha yake yote sifa yake ni jicho. Alikuja kuwa karani wa mizani sokoni, akastaafu, na mpaka leo akinunua maharage huyachambua mojamoja mbele ya muuzaji. Ukimwambia alipitisha "Nimechoka", ni kama umemvua suruali barabarani.

"Ulichoka kichwani, shemeji," humwambia Gavana. "Mkono ulikuwa mzima."

"Nitakuletea noti yenyewe."

"Lete. Nitasema umeiandika asubuhi. Mwandiko ni wako, wino unao, na penseli nyekundu zinauzwa dukani."

Na ndivyo ilivyo, jamani. Dunia nzima anayeweza kuighushi noti ile ni mmoja tu, naye ndiye anayetaka kuaminiwa. Ikabidi ipatikane mahali ambapo mkono wake haujafika.

Ndipo akaanza kukusanya. Kwanza za Reli tu, halafu za makundi yote, maana ugonjwa huu hauchagui. Huwezi kumkaribisha mtu huyu nyumbani bila kumwona anabonyeza godoro. Amezitoa kwenye bitana za makoti, chini ya miguu ya meza iliyopinda, na moja ya elfu aliikuta imeziba chupa ya mafuta ya taa. Nusu ya vibao vya mtaa huu amevichora kwa noti zisizonunua hata kiberiti. Mkewe hutwambia, "Nimeolewa na benki iliyofilisika," na tunacheka, na Gavana hacheki. Wajukuu zake nao walikuwa wameanza kusema mtu akidanganya, "Huyo ametia sahihi ya babu." Hilo ndilo lililomkondesha.

Basi mvua za mwaka jana zikavuja kwa shemeji. Mkewe Gavana alikwenda kumtazama kaka yake anayeumwa goti, akaona magazeti yaliyobandikwa kwenye ukuta wa mbao yamevimba na kubanduka, na nyuma yake njiwa wawili wanabusiana. Kumbe baada ya vita, noti zilipokosa kazi, kaka mtu alizibandika kwa uji wa ngano kuziba nyufa, kisha akaweka magazeti juu.

"Ukuta wangu si maktaba," shemeji akasema, dada yake alipotaka kuubandua.

"Unaogopa nini, kaka?"

"Naogopa nini mimi? Njooni. Lakini yeye akae kwenye kigoda, mikono mfukoni, na awepo shahidi."

Shahidi nikawa mimi, kwa sababu sikuwa na shughuli. Gavana akakaa, mikono mfukoni, kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wizi. Mkewe akawa anashika birika karibu na ukuta, mvuke unalainisha, anabandua gazeti taratibu kwa kisu cha mkate. Noti ya kwanza, sahihi safi. Ya kumi, safi. Ya thelathini, safi, na shemeji ameanza kuimba puani.

"Hii hapa," mkewe akasema, "mkia uleule, lakini..." Akasogeza uso. "Ni-me-cho-ka."

Shemeji akavaa miwani. Akavua, akaifuta, akavaa tena. Pembeni palikuwa na tiki nyekundu, kubwa, ya mtu mwenye uhakika. Akaifuata kwa kidole, mkunjo mpaka mkia.

"Tiki ni yangu," akasema mwisho. "Shemeji, nisamehe. Hukusema uongo."

Nadhani Gavana angelia, kama mkewe angeacha kubandua.

"Na hii je? 'Nina njaa.' Ina tiki."

Tukatazamana.

"Hiyo sikumbuki," Gavana akasema.

"Hii hapa 'Mvua hiyo'. Hii 'Saa ngapi'. Hii imeandikwa 'Mkaguzi ana pua kama birika', nayo ina tiki!"

Shemeji akajishika pua. "Moja tu, eh? Siku moja tu?"

"Ni zamani, shemeji. Nawe ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa natazama mkia!"

Wazee wawili wakawa sare. Mmoja neno lake la 'moja tu' limekufa, wa pili jicho lake limekufa, na ukuta ulikuwa bado haujabanduliwa hata nusu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu vita, wakakubaliana.

"Dada, yatosha. Kesho naleta fundi apake rangi."

"Apake haraka," Gavana akasema, yeye aliyebonyeza magodoro ya mji mzima.

Lakini mkewe alikuwa ameshaongeza maji kwenye birika.

"Ngojeni. Hapa kuna jina la mwanamke. Na hapa tena. Na hapa, na hapa. Baba watoto, huyu ni nani?"

"Mvuke huo," Gavana akasema, mikono ikizama zaidi mfukoni. "Mvuke hugeuza herufi."

Jina silitaji, maana mwenyewe yu hai na ana wajukuu. Nasema tu kwamba lilikuwa na herufi tano, na la mkewe lina saba.