Mapazia ya Damu ya Mzee

Kaka yangu alipooa, nilitolewa chumbani kwangu nikapelekwa kulala na mama. Kaka sikumlaumu, nilimpenda mno. Chuki yote nilimpa yule msichana aliyemleta kutoka Makangale, kando ya msitu, mpole, mwembamba, kila saa "wifi, wifi" kwa sauti ya chini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka aondoke. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema hilo.

Mama naye alikuwa hajamkubali. Arusi ilikuwa Shaabani, wiki mbili tu kabla ya kufunga, na mama alikwisha kutamka jikoni, mbele yangu, kwamba mke humjui mpaka Idi impitie. Kwetu Wete, Ramadhani ikielekea ukingoni, mapazia yote hushushwa yakafuliwa, na mgeni wa Idi hutazama madirisha kabla hajatazama sahani. Mwaka ule kazi hiyo alipewa bi arusi peke yake. Mapazia ya sebuleni yalikuwa mazito, rangi ya damu ya mzee, jamaa yetu aliyaleta kutoka Maskati na mama akiyaonea fahari kuliko watoto wake. Yakitoka vizuri, bi arusi angekuwa mtoto wa nyumba. Yakiharibika, mama alikuwa na la kumwambia kaka.

Siku ya kufua mfereji ukakata, bomba halitoi hata tone. Nyuma ya nyumba tuna kisima, lakini kiko karibu na mikoko na maji yake ni ya chumvi; tunaoshea choo na uwanja, basi. Mfereji ukikata, maji ya kufulia tunakwenda kuomba kisimani kwa jirani, mwendo wa dakika kumi na ndoo kichwani. Nyumba nzima ilijua, isipokuwa mgeni; tangu aje mfereji ulikuwa haujakata. Aliponiuliza achote wapi, nilimwonesha kisima cha nyuma kwa kidevu. Kwao maji ya kisima ni matamu, na alikuwa amefunga, hata kuyatia ulimini hakuweza.

Mama alikuwa kakenda kununua vitu vya Idi, nami nikakaa kizingitini nikimtazama. Alitia sabuni ya unga, akakoroga, akatazama ndani ya beseni.

"Wifi, mbona hii sabuni haifanyi povu?"

"Sabuni za siku hizi hizo. Zidisha."

Akazidisha. Alifikicha tangu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, vidole vikamchubuka na chumvi ikamwingia, nikamwona anavipuliza. Akasuuza mara tatu kwa maji yale yale. Alipomaliza kuanika alinishukuru kwa kukaa naye, akaniombea Mungu anilipe. Nikaitikia amini, nikaingia ndani kucheka.

Tuliyatundika magharibi, mwezi umeshaandama, kila mtu na pilikapilika zake, hakuna aliyeyatazama. Asubuhi ya Idi jua lilipopiga madirishani, chumvi ilikuwa imechora mistari myeupe toka juu mpaka chini. Vitambaa vimekakamaa, ukivigusa vinakwaruza. Shangazi yetu mkubwa akakaa karibu na dirisha, alipoinuka bega la baibui lake limejaa unga mweupe. Akajipangusa, akaonja kidole.

"Kumbe siku hizi mwaanika dagaa sebuleni?"

Wanawake wote wakacheka. Mama hakucheka.

"Nkaza mwana wangu huyo," alisema. "Kwao msituni hawana madirisha, wayajulie wapi mapazia? Weye, ulifua kwa maji gani?"

Bi arusi alikuwa amesimama na sinia la vikombe. "Ya kisima cha nyuma, mama. Wifi ndiye alonionesha."

Wote wakanigeukia. Ilikuwa asubuhi ya Idi, nimetoka kufunga siku thelathini.

"Miye? Wallahi sikunena naye siku ile."

 Bi arusi alinitazama kidogo tu, kisha akaendelea kugawa vikombe. Hilo liliniudhi zaidi, maana nilitaka alie.

Siku ya tatu ya Idi alikwenda kwao kuwapa wazazi wake mkono wa Idi, asirudi. Kaka alimfuata mara mbili. Mara ya pili alirudi jioni, vumbi limemjaa miguuni, akaketi upenuni karibu yangu nikiwa nachambua mchele.

"Asema ya mama ayaweza," alisema. "Weye ndiye hakuwezi. Kashikilia hasa kuwa uliapa uwongo. N'kamwambia ndugu yangu miye n'nanjua, haapi uwongo. Hakukubali." Akavua kofia yake akaiweka gotini. "N'shampa talaka yake."

Alikuwa analia, kaka yangu, na sikupata kumwona akilia hata siku tuliyomzika baba. Mama alikuwa yuko ndani, hakuna aliyetusikia. Neno moja tu kutoka kwangu lingetosha, na eda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, angeweza kumrejea siku ile ile.

Nilimuuliza kama amekula.