Mektrida na masale yasiyokatwa

Saa mbili asubuhi, jua bado halijapenya migomba. Mektrida Kavishe amepiga magoti kwenye udongo wenye unyevu, mtaimbo mkononi, sikio moja limeelekea chini. Anagonga, anasubiri, anasogea kidogo, anagonga tena.

"Usiongee," ananiambia bila kunitazama.

Kumnyamazisha mwandishi wa habari ni adhabu, lakini mama huyu ana sura ya mtu asiyerudia neno.

Baadaye anainuka, anajipangusa magoti na kunifafanulia. "Ukigonga pakaitika kwa sauti nzito, chini kumejaa udongo. Pakiitika kama pipa tupu, kuna pango. Hapo unaweka mtaimbo chini unaenda kuita watu."

Tuko Kwa Lyatuu, kijiji cha mteremkoni juu ya barabara iendayo Tarakea, wilayani Rombo. Wazee wa huku walichimba mapango ya kujificha wao na ng'ombe wao enzi za vita vya mamangi, watawala wa Kichagga wa zamani. Mengine yamejifukia, na aliyeyachimba hakuacha ramani. Mtu akitaka kuchimba kwenye eneo la kihistoria, lazima kwanza aje mtaalamu wa kuangalia ni kitu gani cha kale kitaumia. Kazi hiyo ndiyo inayompa Mektrida ugali.

Tuseme inampa nusu ya ugali. Kazi zenyewe hazizidi nne au tano kwa mwaka. Miezi mingine yuko nyumbani kwake Soweto, mjini Moshi, akifuma masweta ya shule kwa mashine aliyoachiwa na dada yake.

"Kila ninakokwenda wanadhani natafuta mali ya Mjerumani," anasema akicheka. "Kuna mzee alinifuata siku nzima na gunia. Jioni ananiuliza, mama, mgao wangu uko wapi?"

Lakini kazi ya Kwa Lyatuu haimchekeshi. Hii ni mara yake ya pili kuipima ardhi ya familia moja. Mara ya kwanza alikosea, na kosa lenyewe, kama anavyosema mwenyewe, ni la Mchagga.

Mwenye ardhi ni Gerson Silayo, mwanamume mpole mwenye mabega mapana. Karibu maisha yake yote ya kazi yameishia tambarare, kwenye mashamba ya miwa, kwenye joto ambalo mtu wa mlimani halizoei hata akizeekea huko. Gerson ni kitinda mimba. Kwa desturi ya huku, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi na ndiye anayewatunza. Amestaafu sasa, amerudi kumtunza mama yake, Bibi Salvina, ambaye amekula chumvi nyingi na nyumba yake ya udongo imeinama upande mmoja.

Tatizo ni kwamba kihamba chao, shamba la ukoo la migomba na kahawa, kiko ndani ya Uwanja wa Lyatuu, mahali ambapo zamani mangi alikalia baraza. Kijiji kimekataza kuinua ukuta mpya hapo.

"Nikasema sawa, kama hamtaki nipande juu, nitashuka chini," anasema Gerson. Akachora nyumba ya chini ya ardhi: vyumba vitatu, mlango kwenye mteremko, juu yake udongo na majani. "Nimeungua vya kutosha kule kwenye miwa. Nilitaka nyumba yenye baridi, na mama awe chumba cha pili, akikohoa nimsikie. Watu wakanicheka. Gerson anachimba handaki, vita iko wapi?"

Serikali ya kijiji ikamjibu: chimba, ila tathmini ifanyike kwanza. Mektrida akaitwa.

Alikuja akiwa na pango kichwani. Kijiji kizima kilikuwa na pango kichwani. Akagonga kipande chote ambacho Gerson alikichagua, sehemu ya wazi yenye majani marefu. Udongo ukaitika vizuri, wote mzito. Pango lenyewe lilipatikana chini kabisa kando ya kijito, mbali na nyumba. Watu wakashangilia.

Pembeni ya sehemu ile palikuwa na masale, ile mimea yenye majani marefu ambayo Wachagga huipanda kutenganisha vihamba. Kung'oa isale la mpaka ni ugomvi wa vizazi. Mektrida akaandika kwamba ni mpaka wa zamani, na akashauri masale yahamishwe kwa heshima kupisha mlango wa nyumba.

"Mchagga akiona masale yamejipanga, kichwani linakuja neno moja tu: mpaka," anasema. "Mtu wa kutoka Tanga angeuliza haya majani ni ya nini. Mimi sikuuliza. Nimezaliwa nayo."

Taarifa ikasomwa kwenye mkutano wa kijiji na kupigiwa makofi. Gerson akatafuta katapila.

Kabla katapila halijapanda mlima, Mektrida alirudi kupigilia vigingi. Gerson alikuwa ameshuka barabarani, bado hajarudi. Alimkuta Bibi Salvina na mundu wake, anakata majani ya ng'ombe. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kwa kuwa malezi ya huku hayamruhusu mtu kusimama akimtazama bibi anainama, akachukua mundu wa pili.

Wakakata pamoja kuzunguka migomba. Walipofika kwenye ile sehemu ya wazi, yenye majani mazuri kuliko pote, bibi akaipita kama hakuiona.

"Bibi, mbona unaacha majani yote haya?"

"Hapo hapakatwi."

"Kwa nini?"

Bibi Salvina akanyoosha mgongo. "Kwani wewe si Mchagga?"

Mektrida anasema hapo ndipo alipoinua macho. Masale ya mpaka hupunguzwa kila mwaka yasifunge njia. Haya yalikuwa yamepita paa la banda la ng'ombe. Akaingia kwenye majani, akaona kwamba mstari aliouona mwanzo ulikuwa upande mmoja tu. Mengine yalifichwa na kichaka. Yalizunguka. Na kwenye kihamba ambacho kila shubiri ina mgomba, nani angeacha kipande kizuri hivyo bila kupanda kitu?

"Nilikuwa nimepiga makofi pamoja na watu, kumbe nimewauza," anasema.

Zamani, mzee akishafariki na miaka kupita, fuvu lake lilifukuliwa na kuwekwa kwenye masale ya nyumbani, apumzike huko na wenzake. Ndani ya duara lile wamo babu na bibi wa mume wa Salvina, na wengine kabla yao. Salvina alionyeshwa na mama mkwe wake mwaka alioolewa, siku ya kwanza aliyopewa mundu. Tangu hapo hakupakata.

"Bibi, kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza. Ulimuuliza Gerson. Gerson anajua nini? Yeye mwanamume, hakati majani."

Nilipokutana na Bibi Salvina jikoni kwake, akinilazimisha niongeze kiburu cha ndizi na maharage ambacho tayari kilikuwa kimenijaza, alinipa sababu ya pili. Aliitoa taratibu, rozari ikiwa shingoni.

"Mimi nasali. Nianze kusema habari za mafuvu mbele ya mkutano, padri atanionaje? Lakini si hiyo tu. Mwanangu alikaa kule kwenye joto mpaka akapata mvi. Nikisema hapa pana wazee, nyumba haijengwi. Isipojengwa ataondoka tena. Nikaona wazee watanisamehe. Na wao walikuwa na watoto."

Siku ile kwenye majani alimshika Mektrida mkono akamwomba. "Nyamaza, mwanangu. Ni mimi na wewe tu tunaojua."

Msomaji, wewe ungefanyaje? Mimi nimejiuliza njia nzima ya kurudi Moshi. Angenyamaza, taarifa ilikuwa tayari ina makofi yake, mama angepata mwanawe na mwana angepata nyumba. Angesema, angemvunjia bibi ndoto na kujivunjia jina.

"Nilimwambia, bibi, katapila halina macho," anasema Mektrida. "Lingewatoa wale wazee na kuwamwaga na kifusi, na Gerson angekuwa amesimama pale anaangalia. Siku akija kujua atalalaje humo ndani?"

Akashuka hadi mpaka wa chini, ule wa kweli unaopunguzwa kila mwaka, akachuma jani moja la isale, akalifunga fundo. Kisha akakaa kwenye kigogo kumsubiri Gerson.

Kwa Wachagga isale halipandwi mpakani tu. Aliyekosa akikuletea jani lake amekuomba msamaha, na hakuna ruhusa ya kumkatalia, kosa liwe kubwa namna gani. Ndiyo maana wazee hawapendi litumike ovyo. Gerson alifika, akaliona jani, akarudi nyuma.

"Usinipe hicho kitu, dada. Ukinipa nitalazimika."

"Nimekosea, kaka. Yale si masale ya mpaka."

Akamweleza yote. Gerson hakupokea. Akaondoka, akaingia kwenye kahawa, wakawa wanaliona shati lake tu likizunguka huko. Mektrida akabaki amenyoosha jani. Ng'ombe alilia, hakuna aliyemjali. Gerson aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akalichukua lile jani, akalitia mfukoni.

"Umeniweza," alimwambia. Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, kweli ungeniacha nilale juu ya vichwa vya mababu?"

"Ungelala karibu na mimi," alijibu bibi.

Gerson ananisimulia sehemu hii akitazama pembeni, nami natazama pembeni kumsaidia.

Ndani ya kihamba kulibaki sehemu moja tu ya kutosha nyumba: ile yenye kahawa kuukuu upande wa juu. Na kahawa ile ilikuwa mwiko. Baba yake Gerson, siku zake za mwisho kitandani, alimwambia mwanawe asithubutu kuikata. Gerson akasema basi, mambo yameisha, atatafuta chumba cha kupanga.

Bibi Salvina aliingia ndani akatoka na panga.

"Mama, baba alikataza."

"Alikukataza wewe," alisema bibi. "Mimi hakuniambia kitu."

Akaenda kwenye mbuni wa kwanza, ule alioupanda na mumewe walipokuwa hawajapata mtoto, akaukata. Gerson alimwachia akate mitatu, kisha akampokea panga. Walimaliza wote wawili, na Mektrida akiburuta matawi. Siku dari ya nyumba itakapofukiwa, miche mipya itapandwa juu yake. Bibi ameshaitengea kitalu nyuma ya banda.

Mektrida alilazimika kusimama tena kwenye mkutano na kuikana taarifa yake mwenyewe. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mama, leo una uhakika, au tuje kesho?" Watu wakacheka. Ofisi moja ya mjini iliyokuwa imemwahidi kazi nyingine haijampigia simu tangu siku hiyo.

"Inauma," anasema. "Nisikudanganye kwamba haiumi. Lakini kwenye taarifa ya pili nimeandika kwa mkono wangu nani aliyenionyesha na nilikosea wapi. Wasiponiita tena, nitafuma masweta."

Akiitwa, anao mpango. Popote atakapokwenda, Kilema, Hai au huku Rombo, kabla ya kugonga popote atamtafuta mama anayekata majani ya mahali hapo na kuinama naye asubuhi nzima. Anataka pia kuomba kijiji kiandike masale yote ya aina hii, pale tu wenye nyumba watakaporidhia, kabla kina Bibi Salvina hawajaondoka nayo vifuani. Gerson yeye anataka kitu kimoja: dari iwe imefunikwa kabla ya Krismasi, ndugu wote wakipanda kutoka mijini wamkute mama kwenye chumba kisichovuja.

Kwa hiyo leo tuko hapa, kwenye visiki vya kahawa. Mektrida amegonga kona ya mwisho. Pote pameitika kizito. Gerson amesimama na vigingi mkononi kama mtu anayesubiri majibu hospitali.

"Vipi, dada? Nipigilie?"

"Bado."

Mektrida anaita kuelekea jikoni. Bibi Salvina anakuja polepole, mundu begani, anatusalimu mmoja mmoja kana kwamba hatukunywa chai pamoja muda mfupi uliopita. Anazunguka visiki. Anasimama, anatazama juu kuelekea duara la masale, midomo inacheza, sijui ni rozari au ni maneno mengine, na sikuuliza.

Kisha anainama, anashika konzi ya majani yaliyoota kati ya visiki na kuyakata. Anashika konzi ya pili, anakata. Anayatupa mzigoni kwa ajili ya ng'ombe.

"Hapa chimbeni," anasema, na kuendelea kukata.