Mgeni wa Mama Mkubwa

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya, huku Handeni, nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne na kurudi kukaa jikoni kwa mama. Wenzangu walikwenda Tanga kutafuta kazi. Mimi niliona kazi imo humu humu: kuna kivuli, kuna ukoko. Vijana waliniita mwali, wakawa wanauliza nitatolewa lini ndani ili wapige ngoma. Kwa kuwa niliandika vizuri na sikuwa na faida nyingine, kamati ya kijiji ilinikabidhi daftari la kaya.

Nilianza na kwa mama mkubwa, dada yake mama. Alikuwa mjane, na alikuwa akilea binti wa miaka kama minane, asiye damu yetu. Baba yake alikuwa manamba, kibarua wa kambi ya mkonge. Alifariki, na mkewe akamfuata kabla ya mavuno. Mama mkubwa alikuwa akiuza mihogo pale kambini. Siku moja alirudi na kapu tupu na mtoto mgongoni.

Daftari lilikuwa na safu ya uhusiano na mkuu wa kaya. Nikamuuliza mama mkubwa binti nimwandikeje. Binti alikuwa amekaa hapo hapo, anachambua mchicha.

“Andika mgeni wetu,” akasema. “Na uandike herufi za watu, siyo hiyo miguu yako ya kuku.”

Nilijua maana yake. Nyumbani kwetu neno yatima halikutamkwa mbele ya mtoto. Wazee walisema ni kumzika mzazi wake mara ya pili. Mtoto wa namna hiyo aliitwa mgeni, akatengewa mnofu kabla ya wenye nyumba. Nikaandika “mgeni,” nikapiga na mstari chini kwa rula. Nilipenda sana rula siku hizo.

Mvua haikunyesha. Tukawa tunakula unga wa njano ulioletwa na lori, tuliouita yanga, na hata huo haukutosha. Ikaja amri kwamba chakula ni cha wakazi. Wageni warudi walikotoka, wakaandikishwe huko. Mwenyekiti akanipa kazi ya kusoma majina ya wageni mbele ya watu, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa ya shule.

Nilisoma. Nilipofika kwa binti yule nikamwambia mwenyekiti kwamba huyu si mgeni wa hivyo.

“Ni nani basi?”

Binti alikuwa ananitazama. Jibu lilikuwa neno moja tu, na mtu mwingine yeyote angelisema.

“Mwandiko huu wa nani?” mwenyekiti akauliza.

“Wangu, mzee.”

“Basi umeshasema.”

Mama mkubwa alikuwa kisimani, mwendo wa nusu siku. Lori lilikuwa linarudi Korogwe. Walimpandisha binti pamoja na wageni wa kweli, ashushwe kambi moja ya mkonge upande wa Hale, kwa baba yake mdogo. Nilimpa nauli ya maneno: nikamwambia atarudi upesi.

Mama mkubwa alipofika alitua ndoo, akasikiliza yote. Hakupiga kelele. Aliniambia tu: “Ulimwona anapanda, ukasimama na kalamu?”

Barua ya kuomba mtoto arudishwe niliiandika usiku ule. Sahihi ya mwenyekiti ilichukua siku kumi na sita. Kisha mwali akatoka ndani. Nilitapika ndani ya lori kuanzia Handeni mpaka Korogwe, abiria wakiniuliza mimba ya miezi mingapi.

Kule kambini mlango wa baba mdogo ulikuwa umefungwa kwa waya. Mama wa chumba cha pili alisema mwanamume yule alikwishahama kabla mtoto hajaletwa. Mtoto alikaa kibarazani siku tatu. Alipewa uji, lakini kila nyumba ilikuwa na watoto wake wa kulisha. Siku ya nne alipita mwanamke mmoja aliyetaka msichana wa kubeba mtoto mchanga, akaondoka naye. Wa wapi? Korogwe, labda Masuguru, labda Kilole.

Nikapita Masuguru nyumba kwa nyumba, kisha Kilole. Mlango wa kwanza niliuliza kama wamemwona mgeni wetu, wakaniambia wageni ni wengi mjini. Kuanzia wa pili nikawa nasema: natafuta mtoto yatima. Nililisema neno hilo siku nne, mpaka likawa jepesi mdomoni.

Nilishuka lorini peke yangu. Kesho yake, kabla ya jua, mama mkubwa alijifunga kanga, akashika njia ya Korogwe kwa miguu. Nilimfuata na kibuyu cha maji, kwa kuwa hakunikataza. Tulikwenda mara tatu mwaka ule. Safari ya tatu magoti yake yalikataa, nikamrudisha kwa mkokoteni, na mtoto hatukumpata.