Dakika Tano za Ijumaa

Kwetu Mutsamudu, mdogo akimkuta mkubwa husema "kwezi", na mkubwa hujibu "mbona". Bibi yangu, aliyezaliwa Unguja na kunifunza Kiswahili, aliponiambia kwamba huko mbona ni swali, nilicheka. Kwetu ni jibu, tena jibu ambalo mtu hanyimwi. Mkubwa anaweza kukugombeza kichochoro kizima, lakini kwanza atakuitikia. Ninaanza na neno hili kwa sababu asubuhi moja, mjini Moroni, nilinyimwa.

Ilikuwa miaka ile ambayo Nzwani, kisiwa chetu, ilijitangazia kwamba imejitenga na Komoro. Kabla ya hapo nilikuwa nikifanya kazi kwa mzee tuliyemwita Fundi. Kwa Waswahili fundi hushona au hujenga. Kwetu fundi ni mwalimu, na huyu alikuwa amefundisha hesabu mpaka akastaafu. Baadaye alinunua kompyuta mbili, wapagazi wa bandarini wakaziingiza mji mkongwe kichwani, maana vichochoro vyetu havipitishi hata mkokoteni, naye akafungua ofisi katika chumba cha chini cha nyumba ya mkewe. Hapo aliandika programu ya wenye maduka ya jumla na wenye kukamua mafuta ya mlangilangi: mzigo ulioingia, uliotoka, na hati ya mteja. Mimi nilikuwa mfanyakazi wake wa pekee.

Programu ile ilikuwa na tabia moja. Siku ya Ijumaa, wakati wa adhana ya adhuhuri, ilijifunga yenyewe. Skrini ilibaki na maneno mawili tu, "Twende msikitini", na kwa muda wa saa nzima haikumsikiliza mtu. Wito wa Ijumaa ukiitwa biashara huachwa, alisema Fundi, na mashine ni mfanyabiashara kama wengine. Wakati wa adhana hakuuchukua kwenye kalenda. Aliukokotoa mwenyewe kwa mwendo wa jua na mahali Mutsamudu ilipo kwenye ramani, kisha akapanda ngazi mpaka kwenye ngome juu ya mji akiwa na saa mkononi, akahakikisha. Wateja waliipenda tabia hiyo kuliko mambo mengine yote tuliyowauzia. Nadhani iliwapa kisingizio cha kuwafukuza wanunuzi wenye maneno mengi.

Kisha vikaja vikwazo vya kutulazimisha turudi. Meli zikawa chache, simu ya kwenda Moroni ikakatwa, na wateja wetu wakafunika kompyuta zao kwa vitambaa kama viti vya wageni. Kwa miezi kadhaa tulikaa bila kazi, na katika ukimya huo nilifanya jambo ambalo ndilo lililokuja kuniokoa. Niliongeza ukurasa wa mwanzo unaouliza mji gani. Ukichagua Mutsamudu, Domoni, Fomboni au Moroni, programu inaonyesha saa ya adhana ya mji huo. Fundi aliikagua siku tatu, akaniambia haina kosa, na kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Hatukumuuzia mtu. Hakukuwa na wa kumuuzia.

Mwishowe akaniambia mwenyewe niende Moroni nikatafute kazi. Aliniandikia barua ya kunisifu, akanisindikiza hadi bandarini, na kabla sijapanda akasema, "Mwanangu, kichwa chako ni chako. Disketi ni zangu." Nilimwambia sina hata moja, na ilikuwa kweli. Katika begi nilikuwa na nguo, karafuu za kumpa shangazi wa Moroni, na barua yake.

Moroni niliajiriwa haraka kuliko nilivyotarajia. Kampuni ilikuwa na chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na mwenyewe alikuwa kijana aliyesoma Ufaransa, aliyetaka tumwite mkurugenzi ingawa pamoja naye tulikuwa watu watatu. Barua ya Fundi aliiweka pembeni bila kuisoma. Aliniuliza maswali matatu. Umefanya kazi kwa mzee huyo miaka mingapi? Ndani ya programu yake unapajua? La tatu aliliuliza huku akitabasamu: je, nimekuja na disketi?

"Nimekuja na kichwa," nikamwambia.

"Kichwa kinatosha," akasema, akaniajiri papo hapo. Nilishuka ngazi nimevimba kwa fahari. Nilidhani ni mimi niliyesifiwa.

Wiki ya pili alinituma kwenye duka moja la mchele karibu na soko kutazama printa iliyogoma. Nilipoiwasha kompyuta nikamwona Fundi. Rangi ilikuwa imebadilishwa, ya buluu imekuwa kijani, na jina lilikuwa jipya, lakini maswali yalikuja kwa mpangilio ule ule, na hata upande wa kushoto palikuwa na ile nafasi tupu aliyoiacha kwa ajili ya anwani ndefu. Ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa bado nimeinamia printa mashine ilipojifunga na kuandika "Twende msikitini". Mwenye duka, mama mmoja mnene mcheshi, akapiga makofi kwa uchovu.

"Mashine yenu ina haraka ya pepo," akasema. "Muadhini bado anatawadha, yenyewe imeshafunga duka."

Nilitazama saa ya ukutani. Adhana ilikuja baada ya dakika tano. Nikaelewa yote kwa mara moja, na nikatamani nisingeelewa. Mutsamudu iko mashariki ya Moroni. Jua hutufikia sisi kwanza, na tofauti ni kama dakika tano. Jua lilikuwa limezitenga Nzwani na Ngazija, kisiwa cha Moroni, zamani, kabla ya wanasiasa, na hakuna aliyewahi kugombana nalo. Programu ile ilikuwa imeibiwa pamoja na jua lake.

Nikaelewa pia kwa nini niliajiriwa. Mkurugenzi alikuwa na nyumba asiyoijua vyumba vyake, na alihitaji mtu wa kumwonyesha swichi za taa. Zaidi ya hayo, siku watu watakapouliza programu imetoka wapi, kwangu palikuwa na jibu lililo tayari: msichana wa Nzwani kaja nayo.

Ningetaka kuandika kwamba nilipanda ngazi siku hiyo hiyo nikamwachia kazi yake. Sikufanya hivyo. Nilinyamaza mwezi mzima. Siku zile sisi watu wa Nzwani tulikuwa tukisema kwa sauti ya chini katika soko la Moroni, maana ukifungua kinywa tu unajulikana, na si kila mtu alikuwa na subira na lafudhi yetu. Kazi ilikuwa ngumu kupatikana, na mama alikuwa ameshazoea kupokea kile nilichomtumia. Basi nilitengeneza printa, na kila Ijumaa adhuhuri nikatafuta shughuli mbali na skrini.

Habari ilifika Mutsamudu bila mimi. Mfanyabiashara wa mafuta aliyekuja Moroni aliiona programu dukani, akaniona na mimi, akajumlisha. Aliporudi alimwambia Fundi. Mama aliniandikia barua, nayo ikaletwa na abiria wa meli:

"Watu wanasema ulitoka hapa na disketi kifuani. Mke wa Fundi alinipita sokoni akawa anatazama kabichi. Mimi nimewaambia mwanangu hakuchukua. Nisaidie lisiwe uongo."

Niliisoma mara nyingi. Kazi naweza kupata nyingine, nilifikiri, lakini mama hana mji mwingine.

Kisha Fundi akashtaki. Mdaiwa wa kwanza alikuwa kampuni, wa pili nilikuwa mimi. Mashtaka yenyewe nusura yafie mlangoni. Karatasi zake zilikuwa na mhuri wa wakubwa wapya wa Mutsamudu, na karani wa mahakama ya Moroni alikataa kuzigusa, akisema akizipokea atakuwa amelitambua dola lao. Zikarudishwa kwa meli. Huko Mutsamudu, Fundi alishauriwa asikubali, kwani kwenda kwenye mahakama ya Moroni bila mhuri ni kuusaliti uhuru. Alijibu kwamba uhuru hauna programu, yeye anayo. Akanakili upya kila kitu kwa mkono kwenye karatasi nyeupe, bila mhuri wala jina la nchi, akaja nayo mwenyewe. Alifikia Ikoni, karibu na Moroni, kwa wakwe wa mwanawe, na kila kikao alikuja mjini kwa teksi na kanzu iliyopigwa pasi vizuri.

Hakimu alituita ofisini kwake Ijumaa asubuhi. Nilimkuta Fundi ameketi kwenye benchi mlangoni.

"Kwezi, Fundi," nikasema.

Alitazama viatu vyake. Nilisubiri. Karani, mtu wa Ngazija asiyetujua, akainamisha macho kwa aibu kama kwamba ni yeye aliyenyimwa.

Ndani, mkurugenzi alizungumza vizuri. Programu aliiandika mwenyewe, alisema. Kama inafanana na ya mzee, huenda huyu binti amezoea mtindo wa zamani akautia humo bila kukusudia. Alinionyesha kwa mkono uliofunguka, kwa upole, kama anayenikaribisha chakula. Na kuhusu kujifunga Ijumaa, ni Mwislamu gani asingefikiri jambo hilo?

"Hilo kweli, Fundi," hakimu akasema. "Ijumaa si mali yako."

"Ijumaa siidai," Fundi akasema. "Nadai saa."

Hakimu hakumwelewa. Fundi akaanza kueleza mwendo wa jua kama aliyesimama mbele ya ubao wa darasa, na alikuwa amefika kwenye mstari wa ikweta nilipoona kwamba hakimu anapotea. Nikaomba ruhusa. Nilimweleza kwa maneno machache juu ya dakika tano, juu ya mama wa duka la mchele, na nikakiri kwamba nilijua tangu mwezi uliopita. Mkurugenzi akanigeukia. Nilijua kwamba kazi imekwisha, na nilishangaa jinsi nilivyojisikia mwepesi.

"Basi hatuna haja ya kubishana," hakimu akasema. "Leo ni siku gani?"

Kompyuta ya kampuni ililetwa. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, ikabidi karani aazime jenereta ya mwenye duka la jirani, ambaye alikubali kwa sharti aruhusiwe kutazama. Tukakaa sote tukiikodolea macho skrini ya kijani, hakimu ameweka saa yake mezani. Saa sita na dakika mbili, mashine ikajifunga na kutualika msikitini. Nje palikuwa kimya. Mwenye jenereta alisogea dirishani akatega sikio. Saa sita na dakika saba, muadhini wa Moroni akaanza.

Hakimu alicheka mpaka akavua miwani.

"Ni yako, Fundi," akasema. "Hata jua limekutolea ushahidi." Kisha akanitazama mimi, na kicheko kikaisha. "Lakini kuna mtu aliyeivusha bahari."

Adhana ilikuwa ikiendelea, kwa hiyo wanaume wote wakaenda kuswali, Fundi na mkurugenzi katika teksi moja. Mimi nilibaki na jenereta. Nilikuwa na saa nzima ya kufikiri, na nilipokuwa nikisikiliza ule mngurumo, nilikumbuka miezi yetu ya ukimya.

Waliporudi nilimwomba Fundi disketi yake ya mwisho. Nilijua anayo, hutembea nayo mfuko wa ndani ya kanzu kama watu wengine wanavyotembea na tasbihi. Alisita, akaitoa. Nikaitia katika mashine. Skrini ikauliza: mji gani?

"Chagua Moroni," nikamwambia hakimu. Akachagua. Ikaandika saa sita na dakika saba. "Sasa Mutsamudu." Saa sita na dakika mbili.

"Hii niliiandika kabla sijaondoka, Fundi," nikasema. "Uliikagua siku tatu. Kama ningeiba, ningeiba nzuri. Mwizi gani anaacha mpya akachukua ya zamani isiyojua Moroni iko wapi?"

Fundi aliitazama skrini, midomo ikihesabu. Mwenye jenereta, ambaye hakuna aliyemuuliza, alisema kwamba binti anasema kweli. Mkurugenzi akaomba maji. Alipokwisha kunywa akasema kwamba programu aliinakili miaka miwili nyuma kutoka kwenye kompyuta ya mjomba wake, mteja wa Fundi aliyehamia Moroni kabla ya vikwazo. Mimi nilikuwa bado Mutsamudu. Aliyasema hayo kwa sauti ndogo, na sikumchukia. Alikuwa mtu aliyechoka kuogopa Ijumaa asiyoielewa.

Walipatana alasiri ile. Maduka yote yatapewa programu mpya yenye jina la Fundi, na kijana ataiuza Ngazija kama wakala wake. Mkataba uliandikwa nakala mbili. Ilipofika mahali pa kuandika jina la nchi, Fundi alimtazama hakimu, hakimu akamtazama Fundi, na karani akaambiwa aache pengo. Nadhani hadi leo liko wazi.

Kwenye ngazi za mahakama nilimpisha Fundi ashuke mbele. Nilisema tena, bila tumaini kubwa, "Kwezi."

"Mbona," akasema.

Akashuka ngazi mbili, akageuka. Kumbe Kiswahili naye alikijua, cha wafanyabiashara wa zamani. "Hiyo ni ya kwetu," akasema. "Sasa nakupa ya Unguja. Mbona ulinyamaza mwezi mzima?"

Nilimwambia nilihofia mshahara. Akasema hesabu hiyo ina kosa lakini anaona lilipoingia. Kisha akaniuliza meli ya kwanza ya kwenda Mutsamudu ni lini, maana alitaka mkewe awahi kumsalimu mama yangu kabla ya siku ya soko.