Mashahidi wa Kung'uto

Kisima kile alikichimba baba yangu kwa mikono yake, na kwetu Ugogo aliyechimba kisima ndiye mwenye kisima. Hata wapagazi wa misafara ya zamani walilijua hilo. Walisimama pembeni, wakaomba, wakatoa shanga au kitambaa, ndipo wakanywa. Baba alipokufa kisima kikabaki cha mama. Kisha reli ya Wajerumani ikafika Dodoma, na garimoshi lina kiu kuliko ng'ombe wa vijiji vitatu. Wakakizungushia waya, wakatia bomba la chuma, wakaweka askari mlangoni. Hakuna aliyetuomba wala kutupa hata ushanga mmoja.

Mama akawa anakwenda kufukua maji kwenye mto wa mchanga, mbali kupita Miyuji. Aliondoka alfajiri, akarudi jua la utosi na kibuyu kimoja kichwani. Alikuwa mzee tayari, na miguu ilianza kumvimba. Jioni alikaa mlangoni mwa tembe akiikanda kwa samli, nami sikuweza kumtazama, maana mwanawe nilikuwa kibarua wa bomba lilelile. Njaa haichagui kazi.

Kazi yangu ilikuwa kuzibua mchanga. Bomba lilikuwa zuri kwao Ulaya, labda, lakini mchanga wa kwetu ni laini kama unga, nalo liliumeza mpaka likakabwa. Kila baada ya siku chache tulilivuta juu kwa kamba, tukalifungua na kuliosha, huku msimamizi wetu, mzungu mrefu mwenye hasira za karibu, akilipiga teke bomba na wakati mwingine akitupiga sisi.

Siku moja nilikuwa nimekaa nyumbani mama akichuja pombe ya mtama. Alikuwa na kung'uto alilosuka kwa milala, na pombe ilipita humo machicha yakabaki. Nilikuwa nimeliona kung'uto lile tangu nanyonya. Siku ile nililiona upya. Nikamwomba asuke jingine, kubwa, refu, lenye kitako. Tukalipeleka mtoni, tukalizika katika shimo la mchanga, maji yakaingia, na mchanga ukaingia nayo. Mama akacheka. Nikamwambia asuke la pili, dogo zaidi, likae ndani ya lile la kwanza, na kati yake nikajaza vijiwe nilivyochambua kimoja kimoja. Tukazika tena, tukangoja. Maji yakajaa humo ndani, meupe, mpaka nikaona vidole vyangu chini. Mama alikunywa kwa kiganja, akanywa tena. Nilijua hapohapo kuwa kitu kile kikifungwa chini ya bomba, bomba halitakabwa tena.

Palikuwa na karani pale boma, mtu wa pwani, Mwislamu mpole aliyependa togwa ya mama, nasi tulimwita mwalimu. Nilimwonyesha. Akaligeuzageuza, kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimepata kulisikia. Alisema huko Berlini kuna nyumba wanamoandika akili za watu. Mtu akibuni kitu, huchorwa na kuelezwa kwenye karatasi, akapewa hati, na asiye na ruhusa yake hawezi kukitengeneza, hata awe nani.

"Hata reli?" nikamuuliza.

"Hata reli. Watakuja kukuomba, na wewe utataja bei yako."

"Sitaki bei, mwalimu. Nataka kisima cha mama."

"Basi taja kisima," akasema. "Mimi nitachora na kuandika kwa Kijerumani, na mkuu wa boma ndiye atakayelisikiliza kwanza kabla halijapelekwa Berlini. Wewe siku ya shauri uje na uthibitisho kwamba kitu ni chako."

Uthibitisho! Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwetu ndama akikatwa sikio kwa alama ya ukoo, hakatwi kichakani. Unaita majirani, wanakiona kisu, wanaiona damu, wanakunywa pombe, na tangu siku hiyo kila aliyekuwapo ni shahidi wako mpaka kufa. Anayekata sikio akiwa peke yake ni mwizi. Nikasema kung'uto langu nitalikata sikio mbele ya dunia nzima.

Mama akapika pombe. Siku ya mnada wa ng'ombe nikaweka pipa la maji na mchanga katikati ya uwanja, nikakoroga mpaka yakawa tope, nikazamisha kung'uto, nikachota humo ndani maji safi na kuwapa watu. Wakanywa wafugaji, wakanywa wenye maduka, wakanywa waliotoka Chemba na mbuzi zao. Nilijisifu, sikatai. Nilieleza kila kitu: milala, vijiwe, kung'uto ndani ya kung'uto. Kila mmoja nilimwambia, "Umeona kwamba ni langu?" naye akajibu, "Nimeona."

Msimamizi wa bomba naye akapita, akasimama, akatoa daftari na futi. Akataka kupima. Nilimshikia mwenyewe. Nililigeuza alipotaka ligeuzwe, nikamhesabia vijiwe.

"Na huyu ni shahidi?" mama akaninong'oneza.

"Huyu ndiye shahidi mkubwa, mama."

Siku ya shauri tulifika boma mapema, na mashahidi wangu wakajaa uani, wamekaa juani. Mama alikaa mbele yao, amejipaka mafuta, amevaa shanga zake zote. Ndani alikuwepo Bwana Shauri, mkuu wa boma, na karani wangu kando yake na ule mchoro. Kiswahili cha Bwana Shauri kilikuwa kizuri na kikavu. Akauliza kama kitu ni changu. Nikasema ni changu mimi na mama yangu. Akasoma karatasi, akauliza tena:

"Kimekwisha kuonwa na watu?"

Karani akakohoa. Akainama kama anayeokota kitu, akasema kwa sauti ya chini, "Sema hapana."

Nilimshangaa. Nikane mbele ya watu walioacha mifugo yao kuja kunisimamia? Nikadhani ameogopa, au amehongwa. Nikajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Ndiyo, Bwana! Kimeonwa!"

"Na nani?"

"Na wote, Bwana. Hata mzungu wa bomba amekipima kwa futi yake."

Bwana Shauri akaweka kalamu chini. Mimi nikafikiri hajasadiki. Nikakimbilia mlangoni nikawaita mashahidi, nao wakaingia mmoja mmoja, wakaapa: mimi nimeona, mimi nimekunywa, mimi nimelishika kwa mkono wangu. Wa sita au wa saba alipoapa, karani alikuwa amefunika uso. Bwana Shauri akainua mkono.

"Basi, basi. Sheria inasema kilichokwisha kuonwa na watu wote si kipya. Kisicho kipya hakiandikwi. Shauri limekwisha."

Nikatoka. Karani alinifuata nje, akaniambia kifungu kile alikisoma asubuhi ileile na hakupata nafasi ya kunionya. Namwamini. Baadaye alinifundisha kusoma na kuandika bila kudai kitu, na herufi hizo ndizo ninazoandikia haya. Lakini siku ile maji yalikuwa yamemwagika. Watu wangu walinizunguka wakiuliza, "Tumeshinda?" na mimi, mtu mzima, nikalia mbele yao. Nilichokifanya ili kiwe changu ndicho kilichoninyang'anya, na wezi nilikuwa nimewapikia pombe mwenyewe.

Mvua za mwaka ule hazikuja. Mtoni ilibidi kuchimba mpaka mtu azame kiunoni ndipo aone unyevu, na mama sasa alikuwa akipumzika njiani mara nyingi. Ndipo askari wa reli akaja nyumbani. Alisema msimamizi amepeleka mchoro wake kwa wakubwa, umependwa, na vituo vyote vya njia vinataka makung'uto. Fundi wa chuma amejaribu kusuka kwa waya, mchanga ukapita. Anatakiwa yule mama asuke.

Nikachukua panga nikalikata lile kung'uto la kwanza vipande viwili. Nikamwambia askari kuwa mama yangu hasukii wezi.

Mama aliviokota vile vipande, akavitazama. "Kata na mengine," akaniambia. "Halafu kesho twende mtoni wote wawili, wewe unibebe."

Nikaweka panga chini. Miguu yake ilikuwa imejaa mpaka vifundo havionekani. Yeye akamgeukia askari, akamsalimu kwanza kama anavyosalimiwa mgeni, kisha akataja bei: kila jozi ya makung'uto, kibuyu kimoja cha maji ya kisimani. Askari akacheka kwa urahisi wa bei hiyo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, husema watu. Nimeishi miaka mingi, bado namtafuta anayelitenda neno hilo.

Jozi ya kwanza niliipeleka mimi. Nilisimama penye waya nikingojea jozi ifungwe chini ya bomba na kibuyu kijazwe, mahali ambapo baba alinifundisha kupanga mawe ya ukingo. Nilipokifikisha nyumbani mama aliacha kusuka, akanywa polepole, macho ameyafumba, akanirudishia kibuyu.

"Ya baba yako haya," akasema. "Na sasa hata mchanga hayana."

Kisha akavuta milala karibu, akaanza jozi ya pili.