Siku nilipowasifia wakwe lamante yangu

Sikutaka kuandika aibu hii, lakini kwa kuwa hapa Uvira hata watoto wananiita Baba Lamante, afadhali muisikie kwangu minye mwenyewe kuliko kwa wale wanaoongeza chumvi.

Kwanza mujue mimi si mtu mdogo. Nilianza kwa kubeba mizigo bandarini Kalundu, leo niko na depo ya mbao na nyumba ya matofali ya kuchoma (shule niliachia darasa la nne, lakini kwa hesabu ya mbao hakuna mwenye diploma anayenishinda). Rafiki yangu mmoja, mufanyabiashara Mwislamu wa kule Kalundu, alinipa mche wa nanaa, yale majani ya kutia kwenye chai, nikaupanda nyuma ya nyumba karibu na bafu penye majimaji, ukatambaa mpaka ukafukuza mboga za lengalenga za bibi yangu, mama wa watoto wangu.

Basi wakwe wakaja kumuposa binti yangu Riziki. Musemaji wao alikuwa mwalimu mustaafu, na pamoja naye shangazi ya kijana, shemasi wa kanisa, mwanamke asiyecheka ovyo. Riziki alikuwa ameniomba kitu kimoja tu: "Baba, leo usiseme mingi." Nikakubali. Lakini mwalimu akaonja chai, akafumba macho, akauliza: "Nani ametengeneza chai tamu hivi?" Na minye nikaona nanaa ni neno la sokoni, mwalimu anastahili Kifaransa, na Kifaransa chake muteja mumoja alikuwa amenifundisha wiki ile ile.

"Musimushukuru bibi yangu," nikasema, kifua mbele. "Mushukuru lamante yangu! Iko hapa hapa nyuma ya nyumba."

Mwalimu akaweka kikombe chini. Shangazi akanitazama.

"Na mama wa nyumba anajua?"

"Anajua vizuri! Mwanzoni alikasirika, eti inamunyang'anya nafasi, lakini sasa wamezoeana. Niliitoa Kalundu imekonda, muione leo! Na minye si muchoyo, mama, jirani akiitaka anapita nyuma, anajihudumia."

"Yesu wangu!" Shangazi akasimama, akaanza kukaza kikwembe kiunoni. Mwalimu naye akatafuta kofia. Minye sikuelewa kitu. Nikafikiri labda kanisa lao linakataza majani hayo (kuna makanisa yanakataza hata kahawa), na nikaona ndoa ya mutoto wangu inatoka mulangoni na miguu yake, basi nikapiga kelele:

"Mama, kama dini inakataza, leo leo ninaing'oa, ninaitupa ziwani!"

Hapo ikawa mbaya zaidi. Bibi yangu, aliyesoma kunipita, akatokea jikoni na mwiko mukononi.

"Lamante gani iko nyuma ya nyumba yangu, weye muzee?"

Hata yeye! Nikakimbia nyuma na suti yangu ya arusi, nikang'oa nanaa fungu zima, nikarudi saloni kwa wageni, udongo ukidondoka mpaka kwenye magoti ya mwalimu.

"Hii hapa! Lamante! Kosa yake nini?"

Riziki alikuwa amejificha uso na sinia. Mwalimu akanusa, akavua miwani, akacheka mpaka akatoa machozi.

"Baba Riziki, kwa Kifaransa, majani haya na mwanamuke wa kando, kwenye sikio ni neno moja."

Shangazi hakucheka. Alichukua tawi, akalinusa mara mbili, akaketi. "Basi chai iongezwe," akasema, na ndivyo Riziki alivyopata bwana.

Tangu siku ile nimeapa: mbele ya wakwe nitasema nanaa, hata wakija wenye diploma kumi. Mizizi iliyobaki ilichipuka, nanaa imerudi kwa wingi kuliko zamani, na bibi yangu anaimwagilia kila asubuhi. Lakini kabla hajamwaga maji anachungulia kwanza nyuma ya bafu. Juzi nikamuuliza anatafuta nini.

"Lamante," akasema.